Mwongozo wa Kuzuru Athari za Kale katika Nchi ya Chai, Kericho na Bomet

Msomaji uliyezoea kuzuru athari za pwani, uliyekwisha kuingia lango la Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ukatembea katika magofu ya Gedi chini ya vivuli vya miti mikongwe, na ukapita vichochoro vya Lamu ambamo kila mlango wa nakshi ni shahada ya fundi aliyeuchonga, huenda ukadhani kwamba ukipanda bara mpaka nchi ya chai hutakuta cha tarikhi ila majani mabichi yaliyotanda vilimani. Dhana hiyo imewapoteza wageni wengi, ambao hupita Kericho na Bomet kwa gari, wakasimama kando ya barabara kupiga picha moja, wakaenda zao Kisumu au Maasai Mara bila kujua wamepita wapi. Nchi hii ina athari zake, ingawa hazikukusanywa mahali pamoja wala hazikuzungushiwa ua. Nyingine ni majengo ya ibada, nyingine ni mifupa ya kale kuliko mwanadamu, nyingine ni nyimbo, na nyingine ni ardhi yenyewe. Pwani mgeni hukata tikiti akasoma kibao; huku aghalabu hakuna tikiti wala kibao, na asiyeuliza hupita ubavuni mwa jambo adhimu asilione.

Nakusihi jambo moja tangu mwanzo: usiitazame chai kama mandhari ya kupigia picha. Yenyewe ndiyo athari kubwa kuliko zote katika nchi hii, ina umri wa miaka mia moja, ilipandwa juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe, na karibu kila utakachokizuru, kiwe kanisa, hekalu au hospitali, kina nasaba nayo. Ukilishika hilo, safari yako itakuwa na uzi wa kuifunga. Ukiliacha, utarudi na picha nzuri tupu.

Majira na njia

Mji wa Kericho umekaa kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake, inayokuja na mawingu ya Ziwa Viktoria yakikutana na ubaridi wa msitu wa Mau, hunyesha karibu miezi yote ya mwaka. Desturi yake ni kwamba asubuhi huwa nyeupe na jua la upole, adhuhuri mawingu hujikusanya upande wa ziwa, na alasiri mvua huanguka, mara nyingi pamoja na ngurumo na mawe ya barafu ambayo kwa muda mfupi hupukutisha majani yaliyokuwa tayari kuchumwa. Kwa hiyo panga mambo ya nje, kama vile mashamba, maporomoko na vilima, yawe ya asubuhi, na majengo uyaache kwa alasiri, ambapo kukaa ndani ni jambo la faraja. Miezi ya Desemba, Januari na Februari ndiyo mikavu kidogo. Aprili na Mei barabara za ndani huwa tope tupu, na dereva mwenyewe atakuambia hafiki. Chukua sweta, koti la mvua na viatu vya soli nene, wala usidanganywe na jua la saa nne.

Kutoka Nairobi kupitia Nakuru ni kilomita 260 hivi. Waweza pia kuingia kwa upande wa kusini, kutoka Narok kupitia Mulot mpaka Bomet, lakini kwa anayekuja mara ya kwanza naipenda zaidi njia ya Nakuru, kwa sababu ukishaiacha Mau Summit na kupita Kedowa na Chepseon, ambako bado unaona mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa, ghafla nchi hubadilika mbele ya macho yako, chai ikaanza pande zote mbili za barabara mpaka kituo kidogo kinachoitwa Brooke, jina lililobaki kutokana na kampuni iliyoyapanda mashamba yale. Shuka matatu hapo iwapo una wasaa, utembee hatua chache, utazame.

Shamba lenyewe

Mashamba makubwa yana wenyewe, tena yamebadilisha wenyewe zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni. Basi usiingie kati ya mistari ya chai bila idhini. Omba katika ofisi ya shamba siku moja au mbili kabla, au, lililo jepesi na kwa maoni yangu lililo bora, mwombe mwenye hoteli ulikofikia akuunganishe na mkulima mdogo, kwani nusu ya nchi hii ina wakulima wenye ekari moja au mbili ambao hupeleka majani yao kwenye viwanda vya ushirika wao, kama vile Litein, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga, nao humkaribisha mgeni kwa moyo mkunjufu.

Fika alfajiri. Utawaona wachumaji wamejipanga, kila mmoja na mstari wake, kikapu mgongoni, wakichuma kwa mikono miwili kwa wakati mmoja majani mawili na kichipukizi, na kutupa nyuma ya bega bila kugeuza shingo. Mwenye kuchuma vizuri hulaza fimbo nyembamba juu ya kichaka ili ajue usawa: kilichozidi fimbo huchumwa, kilicho chini huachwa kikomae. Huo usawa wa vilima unaousifu machoni ni kazi ya fimbo hiyo na mikono hiyo, iliyorudiwa kila baada ya wiki moja au mbili kwa miaka mingi. Siku hizi katika mashamba makubwa mashine zimechukua nafasi ya mikono, na jambo hilo limeleta ghadhabu kubwa, hata mwaka 2023 mashine zikachomwa moto. Usilizungumze kama jambo la mzaha mbele ya watu ambao riziki zao zimo ndani yake.

Kisha inama. Ni jambo ambalo wageni hawalifanyi, nami naliona kuwa ndilo mlango wa tarikhi ya nchi hii. Chini ya ule uso wa kijani wenye kimo cha kiuno mna giza, na katika giza hilo utaona shina nene, la kijivu, lililopindapinda na kuota kuvu na kigoga, lenye makovu ya kukatwa kila baada ya miaka michache; kwani mchai ukiachwa hukua ukawa mti, na hiki unachokiita kichaka ni mti uliozuiwa usipande juu. Katika mashamba ya kale ya Kericho miongoni mwa mashina hayo yamo yaliyopandwa katika miaka ya 1920, na yangali yanachumwa.

Ardhi hiyo kabla ya mchai ilikuwa maskani na malisho ya Wakipsigis. Mwaka 1905 ulikuwa mwaka wa msiba kwao na kwa ndugu zao Wanandi: serikali ya Kiingereza ilipeleka kikosi cha kuwaadhibu watu wa Sotik, wakauawa watu wengi na kutekwa ng'ombe wengi, na mwezi wa Oktoba wa mwaka huohuo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, akauawa na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, alipokwenda kukutana naye kwa ajili ya sulhu. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa kiongozi wa ibada na uaguzi miongoni mwa Wakipsigis, alihamishwa kwa nguvu mwaka 1914 pamoja na wenzake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kiasi cha ekari 25,000 za ardhi ya Kericho walipewa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, ambao walijaribu kupanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukavunjika, na kufikia 1924 na 1925 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na mbegu za chai. Ukoo wa Talai, ambao serikali iliuogopa kwa ajili ya heshima yake mbele ya watu, ulitolewa wote kwa sheria ya mwaka 1934, wanaume kwa wanawake na watoto, ukapelekwa Gwassi karibu na ziwa, penye mbung'o na malaria, na walionusurika hawakurudi mpaka uhuru ulipokaribia. Jambo hilo halijawa kisa cha kale: mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka shauri lao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Wazee wenye kumbukumbu hizo unaweza kuwakuta wameketi barazani katika mji uleule unaouzuru.

Sikuandika haya ili kukukosesha raha ya mandhari. Ni mazuri kweli, na mwenyeji mwenyewe huyaonea fahari. Lakini msomaji aliyesimama Gedi akauliza watu wale walikwenda wapi, atakuwa amefanya dhuluma akisimama Kericho asiulize swali lilelile.

Baada ya shamba, tafuta kiwanda. Ruhusa ni ya lazima, na siku za kilele cha mavuno wenyewe wana kazi. Utavishwa koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, utaacha pete na saa mlangoni, kisha utafuata jani tangu linapotandazwa katika vihori virefu linyauke kwa upepo, likaingia katika mashine za kulikata na kulisokota, likaachwa lipate hewa mpaka rangi ya kijani igeuke shaba, halafu tanuri la kulikausha, na mwisho machekecheo ya kutenganisha chembe kubwa na vumbi. Simama mahali ambapo rangi inageuka. Harufu ya hapo, tamu na nzito, hutaikuta katika kikombe chochote. Chai hiyo huteremka mpaka Mombasa, ambako mnada wake umekuwa tangu 1969, na kwa hiyo msomaji wa pwani aliyepita karibu na maghala ya Shimanzi amekwisha kukaa jirani na Kericho bila kujua.

Kwa mwenye raghba ya elimu ya mimea, karibu na mji iko taasisi ya utafiti wa chai ya Timbilil, iliyoanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, ambayo mwaka 2011 ilitoa aina ya chai yenye majani ya zambarau. Andika barua mapema.

Mjini Kericho

Mji wenyewe ni mdogo na unazungukwa kwa miguu. Hoteli ya Chai, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wageni wake, yenye bustani inayotazama mashamba, imepitia mashaka mengi. Ulizia hali yake kwanza, kisha ukiruhusiwa uingie uitazame, maana ni kitabu cha maisha ya walowezi kilichoandikwa kwa matofali. Kwa jinsi hiyohiyo litazame kanisa dogo la mawe la Utatu Mtakatifu, la Kianglikana, ambalo umbo lake lote ni la kijiji cha Uingereza. Dakika chache zatosha.

Mahali pa kukaa ni hekalu la Masingasinga, linaloitwa kwa jina la Baba Puran Singh. Bwana huyu alitoka Punjab akaja Kenya akiwa kijana mwanzoni mwa karne iliyopita, akaishi Kericho miaka mingi akifanya kazi kwa mikono yake na kuwaongoza watu katika ibada, na katika miaka ya 1970 akahamia Birmingham, alikoanzisha jumuiya kubwa ya kidini, akafa mwaka 1983. Mpaka leo wafuasi wake ulimwenguni humtaja kwa jina la mji huu mdogo wa Kenya, na mahujaji huja kutoka Uingereza, Bara Hindi na Kanada kuzuru pale alipokaa. Watu husahau kwamba nchi hii ilijengwa na mafundi wa namna hiyo, waliokuja na reli na kufuatwa na ndugu zao, wakawa maseremala, wahunzi na wenye maduka katika miji yote ya bara.

Ukifika langoni, vua viatu na ufunike kichwa, mume kwa mke. Vitambaa hupatikana mlangoni. Usije na tumbaku wala pombe, hata kama imo mfukoni haionekani. Osha mikono, ingia ukumbi wa ibada kwa utulivu, keti chini pamoja na watu, na usielekeze nyayo zako mahali kilipo kitabu kitukufu. Baadaye utaalikwa kula, nawe usikatae. Chakula ni cha nafaka na mboga tupu: dengu, mchuzi wa mboga, chapati, na chai ya maziwa yenye tangawizi, kila mmoja hulishwa bila kuulizwa dini wala kabila, na utamkuta dereva wa matatu amekaa jirani na tajiri aliyetoka London, sahani zao zimepakuliwa kwa mwiko mmoja. Hakuna bei. Anayetaka kushukuru huosha vyombo au hutia sadaka yake sandukuni kwa siri. Mimi sijaona katika miji ya bara ukarimu uliopangwa kwa nidhamu kama huu.

Karibu na hapo, kwa tarikhi ya karibuni kabisa, liko Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la Wakatoliki, lililofunguliwa Mei 2015. Waliolichora ni kampuni ya John McAslan ya London, lakini vifaa vyake vingi na mikono iliyolijenga ni ya Kenya. Linaingiza watu 1,500. Ukilitazama kwa nje utaona paa kubwa la vigae vya udongo lililoteremka mpaka karibu na ardhi, nalo huanza chini na jembamba upande wa mlango, likazidi kupanda na kupanuka kuelekea madhabahuni. Ndani, mihimili kumi ya zege iliyoinama pande mbili ikakutana juu hubeba paa hilo, na kati ya mihimili mbao nyembamba zimepangwa kwa ustadi, mwanga ukateremka juu yake kwa upole. Keti kiti cha nyuma. Jicho lako litavutwa mbele bila kulazimishwa, na utafahamu kwamba jengo jipya pia laweza kuwa athari iwapo waliolijenga walikusudia lidumu. Jumapili ni siku ya waumini. Mtazamaji aje siku nyingine, au aje kusali.

Kilomita chache nje ya mji, kwa barabara ya Nakuru, iko bustani ya miti ya Chagaik, iliyopandwa na mkulima mmoja wa chai baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa miti ya pembe zote za dunia, pamoja na bwawa lenye mayungiyungi. Ni mahali pa kupumzika asubuhi. Fuata njia, na tumbili uwafiche chakula.

Upande wa reli

Siku ya pili, teremka kaskazini mashariki upande wa Kipkelion na Fort Ternan. Reli iliyotoka Mombasa ilipita hapa ikielekea ziwani, ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901, na sehemu hii ya mteremko wa Mau ndiyo iliyowatesa wajenzi kwa mabonde yake, hata wakalazimika kusimamisha madaraja marefu ya vyuma moja baada ya jingine. Londiani, Kipkelion ambayo ramani za zamani huiita Lumbwa, na Fort Ternan ni stesheni zilizozaa miji. Tembea mpaka jengo la stesheni, lakini usitembee juu ya reli wala madarajani.

Fort Ternan ina sifa inayopita reli kwa kadiri isiyopimika. Mwaka 1961, katika shamba la mlowezi aliyeitwa Fred Wicker, Louis Leakey na wenzake walifukua mifupa ya wanyama waliokufa miaka milioni 14 iliyopita, na katikati yake vipande vya taya na meno ya kiumbe wa jamii ya sokwe ambaye mwaka uliofuata alipewa jina la kitaalamu la Kenyapithecus wickeri, kumkumbuka mwenye shamba. Wataalamu wamebishana sana juu ya nafasi yake katika ukoo ulioelekea kwa binadamu. Mifupa yenyewe imehifadhiwa Nairobi. Utakachokiona Fort Ternan ni mahali, yaani mteremko, udongo na shimo, na inafaa uongozwe na mtu wa Makumbusho ya Taifa au mwenyeji anayepajua, maana bila maelezo macho hayaoni kitu. Kusanya habari, usikusanye mawe. Sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006 inalinda hata kipande kidogo cha mfupa, na kipande kilichookotwa mahali pake kikatiwa mfukoni hakina tena la kumwambia mtaalamu.

Kusini mpaka Bomet

Barabara ya kusini hupita Litein na Kapkatet, ikafika Kaplong, jirani na Sotik, kisha hukata kushoto kwenda Bomet. Chai inakufuata muda mrefu, mara mashamba makubwa, mara vishamba vidogo vyenye nyumba, migomba na ng'ombe wawili watatu.

Kapkatet hakuna jengo la kukuonyesha, nami nakuomba usimame vilevile. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, alifika hapa na mashine zake, akawanasa wasichana wa Kikipsigis waliokuwa wakiimba kwa kinanda cha nyuzi kiitwacho chepkong. Mmoja wa nyimbo hizo ulimhusu mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, ambaye sauti yake ilikuwa imefika vilimani kwa sahani za santuri. Wasichana walimfanya kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa, wakamsihi acheze. Wimbo huo, Chemirocha, ukahifadhiwa Afrika ya Kusini, ukasikilizwa na watu wa mbali ambao hawakuwajua walioimba, mpaka mwaka 2014 sauti zile ziliporudishwa Kapkatet na kusikilizwa na wazee waliozikumbuka. Usikilize wimbo huo kabla ya kuja, kwa maana ni urithi wa kijiji hiki, kama vile milango ilivyo urithi wa Lamu. Na ukimpata mpigaji chepkong, na bado wapo, mwombe akupigie, umlipe kama anavyolipwa fundi.

Kutoka Bomet mjini, Tenwek ni mwendo mfupi kupitia Silibwet. Wamisionari wa Kimarekani walianzisha kituo chao hapo katika miaka ya 1930, na zahanati yao ikakua ikawa hospitali kubwa, inayopokea wagonjwa kutoka mbali na kufundisha madaktari wa upasuaji. Hospitali si mahali pa kutalii; usipite wodini wala usipige picha za wagonjwa. Kilicho chako ni maporomoko ya mto Nyangores yaliyo karibu, ambayo nguvu zake huizalishia hospitali umeme. Mto huo, unaotoka Mau, hukutana mbele na Amala wakafanya mto Mara, ambao nyumbu huuvuka Serengeti inapopakana na Kenya, na ambao humwaga maji yake katika ziwa karibu na Musoma. Ukisimama pale mawe huwa na utelezi, hasa baada ya mvua ya jana. Shika mkono wa mwenyeji.

Adabu ya mgeni

Wenyeji huamkiana kwa neno chamgei, nawe ukijibu chamgei vilevile umekwisha kufungua mlango. Ukishukuru sema kongoi. Kiswahili kinaeleweka kila mahali. Mzee mwite mzee, mama mwite mama, na usianze maswali kabla ya salamu kwisha, kwani salamu huku huulizia watu, ng'ombe na mvua, na kuikata ni utovu wa adabu.

Ukikaribishwa nyumbani utapewa mursik. Ukibahatika kufika wakati inapotengenezwa, tazama: kibuyu kimeoshwa na kukaushwa, kijiti cha mti wa senetwet kimechomwa mpaka ncha ikawa makaa mekundu, mama anakisugua ndani ya kibuyu pande zote kwa mkono mwepesi mpaka kuta zake ziwe nyeusi, anakung'uta, kisha anatia maziwa yaliyochemshwa yakapoa, anafunga kifuniko, na kibuyu kinawekwa mahali penye ubaridi kwa siku kadhaa. Yakimiminwa huwa mazito, yana uchachu na rangi ya majivu kidogo, na hunywewa kwa kimnyet, yaani ugali, na mboga za kienyeji. Kibuyu hicho ni kitu cha heshima kwao. Wanariadha wao wakirudi na ushindi hupokewa nacho, na nchi hii ina haki ya fahari hiyo, kwa kuwa Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho, ndiye aliyeipatia Kenya nishani ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, huko Tokyo mwaka 1964, akaongeza ya fedha Mexico mwaka 1968.

Yako mambo ambayo hayatembelewi. Vilima vya ibada vya kale, vinavyoitwa kapkoros, ambako watu walikusanyika kumwomba Asis, Mungu wao, vingine vinajulikana na vingine vimefunikwa na mashamba. Ukionyeshwa kimoja, uliza kama wageni hupanda, na ukiambiwa hapana, hapo ndipo mwisho wa njia. Mwezi wa Desemba vijana wa kiume hutiwa jandoni, na mahali wanapokaa faragha, panapoitwa menjo, hapakaribiwi wala hapapigwi picha, na wala usimwulize kijana yaliyofanyika huko. Wazee wa Talai nao, ukipata wa kuzungumza naye, mwache achague la kusema. Usimletee kinasa sauti mpaka akuruhusu, na ukimwahidi nakala ya mazungumzo umpelekee.

Siku tatu zatosha kwa haraka, tano kwa utulivu. Siku ya kwanza iwe ya shamba asubuhi, hekalu na kanisa kuu alasiri. Ya pili iwe ya Fort Ternan, ukirudi kulala Kericho. Ya tatu iwe ya Litein, Kapkatet na Bomet. Chai ya kwenda nayo nyumbani inunue katika duka la kiwanda, siyo kando ya barabara, na ukitaka ya zambarau uulize kwa jina hilo. Anayerudi Nairobi asirudie njia aliyojia: kutoka Bomet magari ya Narok hupita Mulot, hapo huuvuka mto Amala, na yafaa aondoke kabla ya saa sita ili aifike Narok mchana.